Baba, Kwenye Kiti Chako Amekaa Mafuru

Manyamanyama, Bunda

Baba,

Nianze na lile ambalo wewe ungeliuliza kwanza. Nakujua, usingeuliza kama tumekula. Ungeuliza nani anapima pamba.

Anapima Mafuru. Yule wa kubeba marobota, mwenye shingo nene, mtoto wa yule mzee wa Kisorya uliyekuwa unamkatalia pamba yake kila msimu. Si mimi. Si Mama Bhoke wako wa ungo pia. Watu wengi wamekasirika, na karibu wote wamenikasirikia mimi, ndiyo maana nakuandikia. Kwa mdomo nisingeweza. Hata ulipokuwepo nilikuwa siwezi. Ulikuwa unaniambia niongeze sauti, huku unazungusha vidole hewani kama mtu anayefungulia redio.

Nitaeleza kwa mpangilio kama tulivyofundishwa shuleni Musoma, la kwanza likiwa la kwanza.

Tulikuzika Kibara, karibu na babu, upande unaoangalia ziwa. Lori la kiwanda, lile la jineri, ndilo lililokubeba, na lilikuwa na nyuzi za pamba kila pembe kama kawaida yake, kwa hiyo waliokupokea walianza kwanza kutoa pamba juu ya sanduku, ndipo wakalia. Daktari aliandika kifua. Mama anasema ni vumbi la kiwandani, miaka yote ile bila kitambaa puani. Mimi sijui. Nimeyashika yote mawili.

Siku ya kuanua matanga watu walinyolewa, vitu vyako vikagawanywa. Baba mkubwa Bwire alichukua baiskeli. Koti la mvua lilikwenda kwa mjomba, naye ni mfupi, linamburuza. Fimbo ya babu alipewa mdogo wangu Majura, siku hiyohiyo akaifanya bunduki. Halafu wakasimama wazee wawili wa jineri, wamevaa mashati yao ya Jumapili, wakasema wana salamu za Bosi. Yule bwana wa Mwanza, unamkumbuka, ambaye ushirika ulimkodishia jineri baada ya kushindwa kuwalipa wakulima. Wewe ulifanya naye kazi msimu mmoja tu. Salamu zenyewe zilikuwa fupi. Nafasi ya Magesa ya kupima madaraja ya pamba itabaki kwa watoto wa Magesa.

Akina mama wakapiga vigelegele. Palepale msibani.

Sikushangaa, na wewe usingeshangaa. Jineri ndivyo ilivyo tangu sijazaliwa. Mlinzi akifa, analinda mwanawe. Dereva akifa, anatafutwa kijana wa ukoo anayejua kushika usukani, na kama hayupo anafundishwa. Wewe mwenyewe uliingia kwa sababu baba yako mdogo alifia kwenye mizani. Ulikuwa unacheka ukisimulia kwamba siku ya kwanza hukujua hata kusoma kilo. Kwa watu wa pale huo si upendeleo. Ni kumpa mfiwa pole inayoshikika. Wengine wanakuja na mahindi, jineri inakuja na kazi.

Baba mkubwa akawatazama watoto wako mmoja mmoja. Majura yuko darasa la nne. Anayemfuata bado anaogopa kuku. Nikabaki mimi.

“Huyu hapa ana fomu foo,” akasema. “Kiswahili anacho, Kiingereza anacho. Pamba itamshinda na nini?”

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba uanze, na mimi nilikuwa natazama mkeka. Nilikubali kwa kichwa. Ningekataaje? Nyumba hii ya Manyamanyama ni ya kupanga. Bila kazi yako tunarudi Kibara, Majura anaacha shule yake, na Mama anaanza upya jembe na mgongo wake ule. Kila aliyekaa kwenye mkeka alilijua hilo. Mama alinitazama muda mrefu.

Kwa hiyo nikaenda.

Kiti chako nilikikuta palepale, kimegeukia ukuta. Vijana wapya wa Bosi walikuwa hawaelewi, mmoja akaniuliza kama ni kiti cha adhabu. Nikamweleza, polepole, maana hata madaraja alikuwa hayajui: kwamba safi ni daraja la juu na fifi ni la chini, na katikati ya hayo mawili ndipo mkulima anapopata sare za watoto au anapozikosa. Halafu nikamsimulia habari ya pamba ya Baba mkubwa, ile uliyokuwa unaisimulia mwenyewe. Alileta pamba iliyochanganyika na majani na nyingine ya njano. Ukamwona kaka yako amesimama mbele yako, jua limempiga tangu Kibara, ukasema safi. Aliyemfuata alikuwa na pamba nzuri kuliko ile, ukamwambia fifi, kwa sababu ulishaona aibu ukataka kujionyesha mkali. Msimu uliofuata ukageuza kiti. Mkulima anabaki uani, Mama Bhoke anachota pamba kwenye mfuko wake na kuileta kwa ungo, na wewe umempa kila mtu mgongo, unashika, unavuta nyuzi, unatamka. Baba mkubwa akapata fifi yake ya kwanza, akakaa msimu mzima bila kukanyaga kwetu. Watu wakakuita Mzee Ukuta. Ulilipenda jina hilo ingawa ulijifanya linakuudhi.

Yule kijana alisikiliza, akasema, “Sasa si angefumba macho tu?” Wewe ungekuwa na jibu.

Mama Bhoke alinipokea hivi. Alisimama mlangoni, ungo kiunoni, akanitazama kwa lile jicho lake moja ambalo surua ilimwachia.

“Kumbe ndo wewe. Haya kaa, bosi wangu mdogo, tuone kama hicho kiti kinakuenea.”

Halafu akacheka mpaka akakohoa. Miaka yote aliyokuletea ungo alikuwa kibarua wa msimu. Pamba ikiisha anaondoka, ikianza anarudi kusimama getini pamoja na wageni, kana kwamba hakuna aliyewahi kumwona. Meneja wa ushirika alikuwa anasema mtu wa jicho moja hawezi kuajiriwa moja kwa moja kwenye kazi ya macho. Halafu pale jineri hana ndugu. Ametokea huko Tarime. Nani angekufa amwachie nafasi?

Bosi aliagiza nijifunze kabla msimu haujafunguliwa, kwa pamba iliyobaki ghalani. Baba, pamba zote zilikuwa nyeupe. Nisamehe, lakini zilikuwa nyeupe. Nilikuwa nazishika kama nilivyokuona unashika, nazivuta kama ulivyokuwa unavuta, halafu nasema safi kwa sababu ni neno zuri kutamka. Mama Bhoke anarudisha ungo, anatikisa kichwa. Siku ya pili akachoka. Akaniambia atanisaidia, mradi nisimwambie mtu. Akigonga ungo kwa kidole mara moja, ni safi. Mara mbili, fifi.

Nikamuuliza kama na wewe mlikuwa mnafanya hivyo.

“Baba yako alikuwaga na vidole vyake,” akasema. “Wewe una vyangu.”

Tukaenda hivyo. Nakiri kwamba ilikuwa rahisi, na kwamba nilianza kuzoea. Kidole kinagonga, mdomo wangu unasema. Nyumbani Mama ananiuliza kazi inaendaje, nasema inaenda. Majura alikuwa ameanza kuwaambia wenzake shuleni kwamba dada yake ndiye Mzee Ukuta mpya.

Halafu Bosi akaja kuangalia. Alikuja na mpwa wake, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, na wale wazee wawili waliokuja msibani. Walisimama nyuma yangu. Mama Bhoke akaleta ungo, akagonga, nikatamka. Akaleta mwingine. Na mwingine. Bosi alikuwa anazichukua na kuzitazama dirishani, na yeye ni mtu anayejua pamba kidogo, akaona sijakosea. Akapiga makofi.

“Mnaona? Huyu ni Magesa mtupu. Hivi vitu mtu anazaliwa navyo.”

Wazee wakaitikia. Mmoja akafuta machozi, alikupenda sana yule mzee. Na Mama Bhoke, nyuma yangu, nikamsikia anavuta pumzi kwa pua. Basi. Akainua ungo aende kuchota mwingine.

Baba, sijui kama nililofanya baada ya hapo ni ujasiri. Sehemu kubwa ilikuwa woga. Niliuona msimu umeanza, wanaume wamejaa uani, wanapiga kelele, halafu Mama Bhoke anaugua siku moja, au anachoka, au kidole chake kinaamua kunikomesha. Sehemu nyingine, ndogo, ilikuwa ile pumzi. Nikageuka nikamwambia Bosi kwa Kiingereza. Sikuwa najidai. Nikisema Kiingereza nahisi kama anayesema ni mtu wa kwenye kitabu cha shule, mtu mwenye viatu vyeusi na mwavuli, si mimi. Huyo wa kitabuni ndiye aliyesema kwamba mpimaji alikuwa Mama Bhoke, na kwamba mtoto wa Magesa hajui pamba.

Bosi akajibu kwa Kiswahili.

“Yaani muda wote huu nimesimama hapa nasifia kidole?”

“Ndiyo, mzee.”

Alicheka kidogo, kisha akaacha, maana yeye ni mfanyabiashara, na fifi ikiitwa safi anayelipa ni yeye. Akaniuliza nataka nini sasa. Nikasema afanye kwetu sisi kama wewe ulivyokuwa unafanya kwa wakulima. Anayeitaka kazi aje, awe nani awe nani. Awekewe pamba aipange. Anayesahihisha asijue ni ya nani.

“Hata mpwa wangu?”

“Na mimi pia,” nikasema.

Mama Bhoke aliweka ungo chini, akaniuliza, taratibu sana, “We mtoto, nani amekutuma?” Nilidhani anatania, kwa sababu kila mara anatania.

Tangazo likabandikwa getini, na Baba mkubwa akalisikia hadi Kibara. Alikuja na baiskeli yako, hakuiegemeza hata ukutani, aliilaza. Maneno yake yalikuwa mengi, nitakupa machache. Alisema kazi ile ilitolewa kwa heshima ya marehemu, na mimi nimeirudisha kama sahani niliyomaliza kulia. Alisema nimesoma nikapitiliza. Alimuuliza Mama kama ananiona, Mama akasema anamwona mtoto aliyechoka, na akamkaribisha chai. Aliikataa chai. Unajua mwenyewe ni jambo gani hilo, Baba mkubwa kukataa chai.

Alikuwa amesema kweli kwa upande mmoja. Wale wazee wawili walikuwa wamenipa kitu kwa mikono miwili.

Siku ya majaribio walikuja watu ambao sikuwategemea. Wabeba marobota. Mwalimu mmoja aliyestaafu. Vijana wa hapa Manyamanyama ambao pamba wameiona kwenye godoro tu, lakini nguo wamezipiga pasi. Mpwa wa Bosi na kalamu zake. Mama Bhoke alikuja na gauni la kanisani. Bosi alimleta mkaguzi mzee kutoka Musoma, mwenye kofia, aliyezikagua pamba zote asubuhi peke yake. Utaratibu ulikuwa kwamba unaingia ghalani peke yako, unazipanga nyungo za pamba mafungu mawili, safi na fifi, unatokea mlango wa nyuma. Ndipo mkaguzi, aliyekaa ndani ya ofisi asione uani, anaingia kutazama. Aliyetoka ni nani, hajui. Anajua tu ni wa ngapi.

Uani watu walikuwa na utani wao. Kijana mmoja wa pasi akamwambia Mama Bhoke kwamba kwa jicho moja ataona nusu ya pamba.

“Mbona wewe nakuona wote?” akasema. “Na ungekuwa pamba, ungekuwa fifi.”

Walicheka hadi mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Mimi nilikuwa najaribu kukumbuka vidole vyako. Niliingia, nikapanga, nikatoka. Nilijua nilivyofanya kabla sijafika mlangoni.

Mkaguzi akatoka akavua kofia. Akasema wa nne hakukosea hata moja. Watu wakatazamana kumtafuta wa nne ni nani. Mafuru akanyoosha mkono, kama mtoto darasani anayeomba kwenda nje. Mkaguzi akasema anayemfuata ni wa saba, amekosea ungo mmoja tu, na kwamba huo hata yeye asubuhi aliurudia. Huyo alikuwa Mama Bhoke. “Halafu kuna wawili,” akasema mkaguzi, “wa pili na wa mwisho, ambao nawashauri wasitumwe pamba hata ya kuwekea kidonda.” Wa mwisho alikuwa mpwa wa Bosi. Wa pili nilikuwa mimi. Uani kote kicheko, na mimi, nakwambia wewe tu, nilipumua kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani.

Mafuru alinifuata bombani. Aliona haya kuliko mimi, jambo ambalo sijawahi kulikuta kwa mtu mkubwa kiasi kile.

“Dada, mimi nimefundishwa na baba yako.”

Nikamwambia wewe, Baba, hukuwahi kunitajia.

“Hakujua. Kila mwaka alikuwaga anaturudishia pamba, anasema fifi, kachambueni upya. Mzee wangu anaimwaga uani kule Kisorya, anatukalisha chini na ndugu zangu, tunachambua mpaka tuone Mzee Ukuta ameona nini. Tulikuwaga tunamtukana tukichambua. Kila uzi na tusi lake.” Akanawa uso. “Msimu uliopita tukapata safi. Nikasema nitamshukuru, kila nikipita na robota naona haya, mpaka akafariki. Ndo nikaona basi, niombe kazi yake.”

Kwa hiyo anapima yeye. Kiti amekigeuza, kinatazama uani sasa. Anasema ukoo wake wote uko Kisorya na Ukerewe, hakuna wa kumwonea aibu hapa Bunda, na yeye anataka mkulima amwone anavyovuta nyuzi. Sijui ungesema nini juu ya hilo. Nadhani ungekaa kimya wiki nzima.

Sasa nifike pale pagumu.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Bhoke alikuja nyumbani. Mama akampa kigoda na uji. Akaunywa wote kwanza, akapangusa kikombe.

“Naongea bila hasira,” akasema, “ingawa ninayo.”

Akasema ningenyamaza, mimi ningekaa kwenye kiti na yeye kwenye ungo, na kwa kidole chake angekula kwetu mpaka azeeke, maana bila yeye nisingeweza. Hakuwa na haja ya kiti. Alikuwa na haja ya kutosimama getini tena. Wewe, Baba, ulimwahidi kila msimu kwamba mwaka huu utamsemea kwa meneja. Kila msimu. Hakukulaumu, alisema kuna watu kusema kunawashinda wakitazamana na mkubwa. “Lakini wewe umefungua mdomo,” akaniambia. “Umefungua mdomo juu ya kazi yangu, juu ya kidole changu, mbele ya Bosi, na hukuniuliza. Umenitendea haki bila kuniuliza mimi nataka nini. Sasa kiti ni cha Mafuru, na mimi bado ni wa getini.”

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaifuta, nimeiandika tena.

Ni kweli, Baba? Uliahidi? Nakumbuka miaka ya foleni za madukani, nilikuwa mdogo lakini nakumbuka, jineri ilipokuwa inawagawia waajiriwa sabuni na vibarua hawapati. Ulikuwa unakuja na mche wetu, unaukata kwa uzi katikati ya meza, Mama anakutazama, na nusu yake unaifunga kwenye gazeti. Ya Mama Bhoke, unasema. Mama ananuna mpaka jioni. Mimi nilikuona mtu mwema kuliko wote Bunda. Bado nakuona hivyo. Sabuni ulimpa. Neno la kumsemea hukumpa. Ukuta ulikusaidia usizione nyuso za wakulima, na yeye naye alikuwa amesimama nyuma yako, pamoja nao.

Sikusudii kukusema vibaya. Najiona mimi. Mimi nimesema, na nimesema kama vile hayupo chumbani.

Nikamuuliza siku hiyohiyo, nimechelewa lakini nikamuuliza, anataka nini. Akasema anataka aandikwe msaidizi wa Mafuru, mwaka mzima, na bima na likizo na sabuni kama bado wanatoa. Nikasema nitakwenda kwa Bosi. Akasema hapana, atakwenda mwenyewe, mdomo anao. Mimi nije nisimame pembeni, endapo Bosi atakimbilia Kiingereza.

Tukaenda. Alisema yeye. Bosi akaanza habari za msimu, na bei, na kwamba siku hizi kila mwenye lori ananunua pamba, jineri haiwezi kubeba watu wengi. Akamwita Mafuru, akamuuliza kama anaweza kufanya kazi na msaidizi mwingine yeyote.

“Naweza,” Mafuru akasema. “Ila fifi itapita. Huyu kakosea ungo mmoja. Nipe mwingine aliyekosea mmoja.”

Bosi alizungusha kalamu kwa muda. Halafu akasema sawa, ataajiriwa kwa mwaka mmoja, wamjaribu.

“Mnijaribu?” akasema Mama Bhoke. “Miaka yote hii nilikuwaga natalii?”

Lakini aliweka saini. Alipotoka nje alinipiga bega, si kwa upole sana. Hatujawa marafiki. Anapita getini asubuhi bila kusimama, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Nilidhani nimemaliza. Bosi akaniita nirudi ndani, akafunga mlango. Akasema anahitaji mtu wa ofisini, wa kupokea simu na kujibu barua za wanunuzi, kwa lugha zote mbili. Alinisikia siku ile. “Hii huna wa kushindana naye,” akasema. “Anza hata kesho. Mpelekee mama yako habari. Ni kwa heshima ya baba yako.”

Alisema kwa wema, Baba. Ningependa ungemwona, hakuwa na hila yoyote usoni. Na mimi niliitaka. Kiti chako sikukitaka hata siku moja, nilikuwa nakiogopa, kumwachia mtu hakukuniuma popote. Hii niliitaka mpaka mikono ikawa ya moto. Niliona meza, niliona taipu, niliona karo ya Majura na Mama anabaki mjini. Niliona pia wasichana wawili niliosoma nao Musoma ambao wako nyumbani Butiama, Kiingereza chao kinazidi changu, nao hawana baba aliyefia jineri.

Nikamwomba aitangaze kwanza. Nilisema kwa Kiswahili. Nitaomba kama wengine, nikasema, na mwenye kusahihisha asijue mimi ni nani.

Alinitazama kama anayetazama mashine iliyokataa kuwaka.

“Wewe ni mtoto wa ushirika kweli. Ushirika umekufa, binti.”

Lakini ametangaza. Jumatatu ijayo ndiyo siku yenyewe.

Nilimwambia Mama jikoni, akiwa anasonga. Hakuacha kusonga. Ugali ulipoiva akaugeuza kwenye sahani, akaulainisha pande zote, akaniuliza, “Na wakikuzidi?”

“Tutarudi Kibara.”

Akafikiri. Nilimwona anafikiri, anaona shamba, anaona mgongo wake. Halafu akanipokonya sufuria niliyokuwa nimeshika.

“Basi kasome. Vyombo nitaosha mimi.”

Ninasoma sasa. Nimeiweka pembeni barua hii mara nyingi nikarudi kwenye vitabu, ndiyo maana wino umebadilika. Sitakuomba unisaidie Jumatatu, wala sitalitaja jina lako mlangoni. Wenyewe watalitaja wakinitambua, na wanalikumbuka vizuri. Ahadi yangu ni hii: nikiipata kazi, nitakaa nayo bila kumwambia mtu kwamba nimerithi. Nikiikosa, nitashika godoro upande mmoja na Mama upande wa pili, tutapanda gari la Kibara mchana kweupe, na hakuna atakayenisikia nikisema nimedhulumiwa.

Lala, Baba. Huku tunaendelea.

Mwanao,
Nyangeta